Safari ya Baisikeli Kwenda Vilima vya Pugu

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari ya chama chetu cha baisikeli, tuliyokwenda mwezi wa Julai kulala hemani kule Kisarawe. Wengine mmeuliza kwa kupenda, wengine kwa kushuku, maana uvumi ulikwisha kutangulia kufika Kariakoo ya kuwa mtoto wa watu alipotezwa njiani. Basi twaandika yote kama yalivyokuwa, wala kosa lililokuwa letu hatutalificha.

Chama chenyewe si kikubwa. Safari hii tulikuwa watu 14: walimu wawili, fundi cherehani mmoja, vijana wauzao madukani, wanafunzi, na akina mama wawili ambao katika kupanda mlima waliwashinda wanaume kadhaa, na hao wanaume hawapendi jambo hilo liandikwe. Baisikeli zetu zilikuwa za kila namna. Nne zilikuwa za mtumba zenye gia nyingi, zilizokuja kwa meli kutoka nchi za mbali. Zilizobaki zilikuwa zile nyeusi za mizigo zinazojulikana na kila mtu, zenye keria ya chuma nyuma, zisizo na gia hata moja.

Kabla ya safari palikuwa na maneno. Mzee mmoja wa mtaa wa Sikukuu alitusimamisha, akasema, “Mwalimu, baisikeli ni punda wa nyumba. Punda hapelekwi matembezi.” Tulicheka, lakini neno lake si la kuchekwa. Kwetu Kariakoo mtu akionekana juu ya baisikeli, huulizwa amebeba nini. Tena jina lenyewe la mahali hapa latokana na mzigo: Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, hapa ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wao wa vita, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Mji uliopewa jina la wapagazi hauoni ajabu mtu kuinama chini ya gunia. Huona ajabu mtu kupanda mlima bila ya gunia, kisha arudi mikono mitupu.

Miongoni mwetu alikuwako kijana wa miaka 16 ambaye baba yake huuza mikate. Kila siku, alfajiri, kijana huyo huipeleka mikate katika maduka ya Ilala na Buguruni, ndipo aende shule. Baisikeli ni ya baba, na ndiyo inayowalisha watu 7 nyumbani. Baba alikubali kwa shida sana. Alimtafuta mtu wa kumshikia zamu ya siku mbili, kisha akatuita mbele ya mlango wake, akatuonyesha baisikeli pande zote, gurudumu, breki, mnyororo na tandiko, kama mtu akabidhiye ng’ombe. Akasema, “Mwalimu, nakukabidhi wewe. Jumatatu saa 10 alfajiri iwe barabarani.” Tukaitikia, “Itakuwa, ndugu yangu.” Ni rahisi kuitikia mtu akiwa bado amesimama mlangoni.

Tuliondoka Mnazi Mmoja siku ya Jumamosi, saa 11 alfajiri, kabla magari hayajawa mengi. Kilimo cha pilipili kina siri zake na safari ya baisikeli ina zake. Siri ya kwanza ni kuwahi: barabara ile ina malori tangu jua litokapo, na mahali pengine pana njia ya pembeni ya watu wa baisikeli, mahali pengine hapana, hata umjie dereva wa lori ubavuni ukiwa huna pa kukimbilia. Siri ya pili ni utaratibu. Wa mbele ni mmoja, naye hapitwi. Wa nyuma ni mmoja, naye hampiti mtu. Yeye ndiye achukuaye pampu, spana, gundi na viraka, na kila tusimamapo yeye ndiye ahesabuye watu. Zamu ya kukaa nyuma tulipewa sisi tuandikao habari hizi, kwa kuwa ndio tuliokuwa na umri mkubwa, na ilidhaniwa kuwa tuna subira.

Barabara yenyewe wazee waliijua kwa jina la Pugu Road, na leo ni Barabara ya Nyerere. Jina hilo lina haki yake hapo. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko kule Pugu tangu mwaka 1953 hata 1955, na katika miaka hiyohiyo kazi ya siasa ilikuwa ikimleta mjini, huku kwetu, katika mtaa ulioitwa New Street, ambao sasa ni Lumumba. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata akaacha ualimu, maana kazi mbili hazikuweza tena kuchukuliwa na mtu mmoja. Walimu wanaosoma gazeti hili watajua uzito wa jambo hilo kuliko wengine.

Tukapita Tazara, tukapita uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto. Hata hapo njia ni tambarare, na mtu mwenye baisikeli nyeusi huenda sawasawa na mwenye gia. Baada ya hapo nchi huanza kuinuka. Vilima vya Pugu si milima ya kutishia mtu aliyeuona Uluguru, maana kilele chao ni kama mita 300 tu juu ya bahari; lakini mtu atokaye Kariakoo, ambako jambo la juu kupita yote ni ngazi za ghorofa, huvihisi katika mapaja. Wenye gia walipanda wamekaa. Wenye baisikeli nyeusi walisimama juu ya pedali, kisha wakashuka wakasukuma, na kusukuma si aibu.

Hapo ndipo tulipokosa. Vijana wawili walitupita wakasema, “Mwalimu, pole na uzee.” Neno dogo tu, la mzaha. Lakini moyo ulitupanda, tukakaza miguu, tukawapita wale wawili, tukawapita na wengine, tukasahau pampu iliyokuwa begani petu na sababu ya kupewa. Tulifika Kisarawe tukihema, tukasifiwa, tukanywa maji. Kisha mama mmoja akasema, “Mwalimu, hesabu watu.” Tukahesabu 13. Tukahesabu tena, 13. Kijana wa mikate hakuwapo.

Hatutaeleza sana yaliyokuwa moyoni tuliposhuka kumtafuta. Simu yake ilikuwa imezimika, na kila lori lililotupita tuliliona kana kwamba ndilo. Tulikuwa tukimwona baba yake amesimama mlangoni.

Tulimkuta kwenye mteremko wa upande wa Pugu, amechuchumaa kivulini mwa mwembe, mzima. Baisikeli ilikuwa imepinduliwa miguu juu. Alikuwa ameingia katika shimo la barabara, nyaya tatu za gurudumu la nyuma zikakatika, na gurudumu likapinda hata likawa linasugua fremu, halizunguki. Mbele yake alikuwako mzee mmoja wa miaka kama 55, kifua wazi, ameshika spana, analizungusha gurudumu polepole huku amelitupia jicho moja, akikaza waya huu na kuulegeza ule. Kando yao ilisimama baisikeli nyingine, imeegemezwa kwa mti wenye panda, na juu yake magunia mawili ya mkaa yaliyosokotewa majani mdomoni.

Tukamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akajibu, “Marahaba, Mwalimu. Mtoto wako huyu?” Tukasema ndiye. Akasema, “Nimemkuta peke yake.” Hakuongeza neno, akarudi kwenye gurudumu lake.

Wasomaji wa Kariakoo wamewaona watu hawa tangu utoto, lakini wachache wamewaona wakiwa njiani. Gunia moja la mkaa lapita kilo 50 kwa urahisi. Mtu huyu hulitoa vijijini ndani kabla ya mapambazuko. Kwenye mlima hasukumi kwa mikono tu, bali kwa kifua na bega, na kila hatua chache huuchomeka ule mti chini ya mzigo apate kupumzika. Kwenye mteremko ndiko kwenye hatari, maana breki za kawaida hazizuii mzigo kama ule. Huikanyaga tairi ya nyuma kwa soli ya kandambili iliyokatwa katika tairi la gari, na harufu ya mpira kuungua huisikia mpaka bondeni. Soko lake ni la asubuhi. Akichelewa, wenye magenge wamekwisha nunua kwa wengine, naye huuza kwa bei watakayo wao.

Naye alikuwa amechelewa kwa ajili ya mtoto wetu. Jua lilikuwa limepanda. Tukatoa pampu na nyaya za akiba, vitu ambavyo vingekuwapo pale tangu mwanzo kama tungalikaa mahali petu, akavitia yeye mwenyewe, maana mikono yake ilijua kuliko yetu. Gurudumu likazunguka. Halikuwa kama lilivyotoka kiwandani, lakini likazunguka bila ya kusugua. Tukamwuliza ujira wake. Akataja bei, nayo ilikuwa ya haki, tukalipa. Tukataka kumwongezea, akasema afadhali tumsaidie kushuka mteremko ule, mmoja ashike nyuma kwa kamba.

Tulipokuwa tukishuka, yule kijana, ambaye shuleni hufundishwa habari za misitu, akamwuliza kwa adabu, “Babu, mkaa huu umetoka katika msitu wa hifadhi?” Sisi tuliona haya. Mzee hakukasirika. Akasema umetoka katika mashamba ya watu, mbali, ana karatasi yake. Kisha akageuka kwetu akasema, “Lakini, Mwalimu, wewe nyumbani wapikia nini?”

Hatukumjibu. Nyumbani twapikia mkaa. Kisha tukakumbuka ya kuwa hata kule Kisarawe, juu ya keria ya mmoja wetu, palikuwa na mfuko wa mkaa ulionunuliwa Kariakoo kwa ajili ya wali wa kambi. Tulikuwa tumeupandisha mlima mkaa ambao labda juma lililopita mtu kama huyu aliushusha mlima uleule kwa kandambili.

Wali ulipikwa, ukaliwa, na kijana wa mikate alikula sahani mbili. Tulipata ruhusa katika ofisi ya msitu tukalipa kiingilio, na mahema yakasimamishwa kabla ya alasiri. Jioni tukapelekwa kuyaona mapango ya Pugu. Hayo si mapango ya Mungu, ni ya binadamu: yalichimbwa katika kilima cha udongo mweupe uitwao kaolini, ambao hutumiwa kufanyia vyombo vya kauri na kulainishia karatasi. Sasa wenye nyumba ni popo. Jua lilipozama walitoka mdomoni mwa pango kama moshi. Mmoja wa wauza duka, ambaye usiku wa Kariakoo hauogopi hata kidogo, alijifunika shuka kichwani na hakuitoa mpaka tulipofika hemani.

Jumapili tulisali kanisani Kisarawe, ibada ya kwanza. Twalitaja hili kwa ajili ya wale wazazi waliouliza kama safari hizi zitawazoeza vijana kuikosa ibada. Kisha tukaingia msituni kwa miguu, na askari wa msitu mbele yetu.

Msitu ule na mwenzake wa Kazimzumbwi ulipandishwa daraja mwaka 2020, ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilikuwa mingi. Ndani yake yuko komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku asiyejaa viganja viwili, ambaye katika dunia yote haonekani ila katika mapande machache ya misitu ya Tanzania. Hatukumwona, maana mchana hulala. Tulichokiona ni mahali pa tanuri la mkaa la zamani: duara la udongo mweusi, mti mkubwa haupo, na vichaka vinaanza kurudi. Askari akatuambia duara kama hizo ziko nyingi. Mwalimu mwenzetu akaliokota kaa moja, akalitia mfukoni akawaonyeshe wanafunzi.

Akatuonyesha pia upande ambako maji hukusanyika. Vilima hivi ndiko utokako mto Msimbazi. Tuliosimama pale twaujua mto huo kwa mdomo wake na hatukuwa tumewaza habari za kichwa chake. Huu ndio mto upitao Jangwani, hatua chache kutoka majumbani petu. Desemba 2011 mvua kubwa ziliujaza, nyumba za bondeni zikafunikwa, watu wakafa, na wengi waliosalia wakahamishiwa Mabwepande. Hatusemi mkaa peke yake ndio ulioleta mafuriko yale. Mvua ilikuwa ya ajabu, na watu walikuwa wamejenga katika njia ya maji, na taka zimeziba mifereji. Lakini mlima usio na miti hauyashiki maji, huyapokea na kuyatupa, na pamoja na maji huutupa udongo wake. Mmoja wa wale akina mama wawili alizaliwa Jangwani, na mwaka ule walipoteza vyombo vyote. Alisimama pale kitambo kirefu, hata tukamwita mara mbili.

Kurudi ni kuteremka, na kuteremka kuna hatari kuliko kupanda. Tulikagua breki za wote kabla ya kuondoka. Safari hii tulikaa nyuma kabisa, wala hapakuwa na mzaha uliotutoa. Tulipita Pugu bila ya kukaa sana. Hapo, mwaka 1888, Wabenedikto kutoka Ujerumani walianza misheni yao ya kwanza katika nchi hii, na Januari 1889, siku za vita vya Abushiri, ikashambuliwa, na baadhi ya waliokuwamo wakauawa. Leo Wakatoliki huenda pale kuhiji. Tulivua kofia, tukapita.

Tulifika Kariakoo kabla ya magharibi, watu 14. Tulikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa muuza mikate, tukamweleza yote kabla hajauliza, na ya kuwa kosa lilikuwa letu, si la mtoto. Alitusikiliza. Kisha akaipindua baisikeli, akalizungusha gurudumu, akaligusa waya kwa waya kwa kidole, akahesabu. Akafika kwenye zile tatu mpya, akasimama. Akauliza, “Nani kazitia hizi?” Tukamwambia. Akasema, “Huyo ni fundi.” Hakutukaribisha chai siku ile, nasi hatukumlaumu. Jumatatu baisikeli ilikuwa barabarani saa 10.

Tulipofika nyumbani mke wetu alitupa pole ya safari, akasema, “Mkaa umekwisha.” Mtoto akatumwa gengeni kununua makopo mawili, kama siku zote. Serikali imetoa mkakati mwaka 2024 ya kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi, na mitungi ya gesi twaiona madukani. Lakini mtungi hujazwa kwa fedha nyingi mara moja, na kopo la mkaa hununuliwa kwa fedha ya leo, na nyumba nyingi za mitaa yetu huishi kwa fedha ya leo. Mwenye nyumba asomaye haya anayajua kuliko sisi.

Chama kimekutana baada ya safari. Imeamriwa ya kwamba wa nyuma atakuwa na mwenziwe, ili mmoja akipandwa na moyo mwingine abaki. Na kwamba magurudumu ya baisikeli za kazi yakaguliwe na fundi siku tatu kabla ya safari, kwa fedha ya chama. Muuza mikate amekubali kijana wake aende tena mwezi wa Septemba. Ameleta na sharti: aende na nyaya sita za akiba mfukoni mwake mwenyewe, asimtegemee Mwalimu.

Jambo la tatu halijakwisha. Mama wa Jangwani alisema safari ijayo hatuchukui mkaa, tutapika kwa gesi. Wote wakaitikia. Kisha ukaletwa mtungi mdogo, ule wa kilo 6 za gesi, ambao pamoja na chuma chake wapata uzito kama mara mbili ya huo. Kila mtu aliuinua, akautua, akamtazama mwenzake. Mpaka leo hajapatikana wa kuupandisha Pugu.